Punguzo la Bima ya Baba Mdogo

9 Januari

Baba Mdogo,

Shikamoo. Mimi sijambo, ila mafua yamenishika tangu mwaka uanze, na chumba cha pili ameingia jirani anayekoroma mpaka ukuta unaitikia. Mama Mdogo anaendeleaje na goti lake? Mwambie shuka alilonishonea ndilo ninalojifunika, lile la dukani nimelifanya pazia.

Kasuku, mwenzako wa kituoni, alipita hapa kununua tairi akaniambia kwamba bima ya pikipiki yako ikiisha mwezi ujao hukati nyingine, kwa sababu imepanda mno. Kasuku namjua, habari yake lazima aitie chumvi. Lakini usingizi ulinipaa. Mimi ndiye ninayekaa meza ya bima za pikipiki, Baba. Wewe ulinisomesha kwa pikipiki hiyo tangu baba yangu alipotutoka. Leo uendeshe bila bima, mimi uso wangu nitauweka wapi?

Sikiliza basi. Zipo njia za kuishusha. Usilipe kwa vipande vya kila mwezi, kila kipande kinakuja na gharama zake. Jikaze ulipe ya mwaka kwa mkupuo. Pikipiki yako ni kongwe, achana na bima kubwa inayolipia mpaka wizi na moto, chukua ile ya lazima, pamoja na ya abiria. Hiyo ya abiria usiiguse hata mtu akushawishi vipi. Pikipiki ilaze ndani, si uani, nami nitaandika hivyo. Na usimwachie Kasuku aiendeshe hata kwenda dukani, maana akigonga kitu wewe ndiye utakayehesabiwa. Miaka yote hii hujawahi kudai chochote, nalo hilo lina punguzo lake.

Ila punguzo kubwa kuliko yote ni la mafunzo. Mkufunzi wetu anazunguka miji, mwezi wa tatu atakuwa kwenye uwanja wa shule hapo kwenu. Ni asubuhi moja tu: kuendesha polepole, kupita kwenye koni, kufunga breki, kupimwa macho. Ukifaulu unapewa cheti. Kwako wewe si itakuwa mchezo?

Binti yako


2 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mafua kunywa maji ya moto, na jirani mgongee ukuta. Goti la Mama Mdogo lipo pale pale, linatutabiria mvua.

Umeniuliza kupitia kwa Kasuku kwa nini sipokei simu. Simu inamlazimisha mtu ajibu kabla hajafikiri. Barua unaiweka kwenye basi, inakwenda na adabu zake.

Ushauri wako nimeufuata. Kulipa kwa vipande nimeacha, tumejibana tumelipa mwaka mzima. Kasuku nimemnyima ufunguo, amenuna siku nzima, kwake yeye kukaa kimya siku nzima ni ugonjwa. Na pikipiki sasa inalala sebuleni. Mama Mdogo anasema nimeoa mke wa pili, na huyu anavuja oili.

Hayo mafunzo niachie. Nipite katikati ya koni za plastiki mbele ya vijana waliozaliwa mimi nikiwa tayari na leseni? Hapa kituoni wananiita Taratibu. Zamani nilikuwa nakimbiza, wewe mwenyewe unakumbuka ulivyokuwa ukinishika shati. Sasa ninakwenda mwendo wa bwana harusi, na abiria wanapenda. Mkunga wa zahanati hapandi pikipiki nyingine, asubuhi namchukua, jioni namrudisha. Kazi ya usiku nimeiacha, umri nao una haki yake.

Kwa hiyo mwambie mkufunzi wako awafundishe wanaokimbia.

Baba yako


15 Februari

Baba Mdogo,

Shikamoo. Mafua yamekwisha, jirani bado. Nimemcheka Mama Mdogo mpaka wenzangu ofisini wakauliza kuna nini. Mwambie huyo mke wa pili awekewe gazeti chini, oili ikiingia kwenye sakafu haitoki.

Sasa naona unanipiga chenga. Hilo punguzo la mafunzo ni karibu robo ya bima nzima. Robo, Baba! Unalala na pikipiki sebuleni kwa sababu ya punguzo dogo, halafu lile kubwa unalikataa kwa kuwaogopa vijana watakaokutazama? Ulinifundisha mwenyewe kwamba anayeona haya kujifunza atabaki na haya zake. Nenda. Uwaoneshe.

Jambo jingine. Mbona siku hizi unaandika herufi kubwa kama za bango? Barua yako ya juzi kurasa nne, ingetosha moja. Unamaliza karatasi za watu.

Binti yako


30 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Tuko salama. Mvua zimenyesha vizuri na kuku wa Mama Mdogo wametaga chini ya kitanda, sijui nani kawaambia.

Nilikwenda uwanjani. Tumbo likanikata nikiwa kwenye foleni, nikarudi nyumbani.

Herufi ni kwa sababu ya kalamu.

Baba yako


12 Aprili

Baba Mdogo,

Shikamoo. Pole na tumbo. Nimefurahi kusikia habari za mvua na za kuku.

Mkufunzi amerudi na nimemwuliza. Anasema alimwona mzee mmoja mwenye koti la kahawia amekaa foleni vizuri tu, anawachekesha wenzake, mpaka kwenye kupimwa macho akabaki mtu mmoja tu mbele yake. Mara mzee hayupo. Tumbo! Nakujua, Baba. Uliona vijana wanakutazama ukapandwa na kiburi chako kile kile kilichokufanya usiende kumlilia mkuu wa shule aliponifukuza.

Sikukasirika. Nimekumalizia mimi. Mkufunzi ni rafiki yangu. Nilimwambia, huyu ni baba yangu, anaendesha tangu sijazaliwa, hajawahi kumkwaruza mtu, atapimwa kitu gani? Alisitasita, mwisho akasaini. Cheti kimo humu ndani ya bahasha, na punguzo nimeshaliingiza; kilichozidi kwenye malipo yako utarudishiwa kupitia kwa wakala wetu hapo mjini.

Usiniulize sana. Furahi tu, umnunulie Mama Mdogo dawa ya goti.

Binti yako


21 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Hatujambo.

Cheti kimefika. Pesa zimefika. Mama Mdogo anashukuru kwa dawa.

Nimekisoma chote. Nilikuwa sijui kwamba wewe unaweza kufanya hivi.

Baba yako


3 Juni

Baba Mdogo,

Shikamoo, ingawa sina hakika kama utaipokea.

Jumamosi ofisi ilinituma kwa wakala, hapo mjini kwenu. Sikuwaambia kwa sababu nilitaka kuwashtukiza. Nilishuka upande wa pili wa barabara, mkabala na kituo chenu, na nikakuona mara moja, umekaa juu ya pikipiki, miguu chini, umenielekea. Nikapunga mkono. Ulinitazama, Baba. Macho yako yalikuwa kwangu kabisa. Nikapunga tena kwa mikono miwili kama mwehu, mpaka muuza vocha akageuka kunishangaa. Wewe ukatazama pembeni kama mtu aliyeona nguzo.

Nilisimama pale na zawadi ya Mama Mdogo kwapani. Sikuvuka. Nilikwenda kwa wakala, nikafanya kazi iliyonipeleka, nikapanda basi la kurudi. Sikufika nyumbani. Mwambie Mama Mdogo anisamehe, au usimwambie.

Ni cheti, najua. Tangu ile barua yako fupi sina amani. Ulinilea nisiguse cha mtu, nami nimekuletea uongo wenye muhuri nikausifia. Nakubali nimekosa. Lakini kunikana barabarani mbele ya watu? Ungenitukana ningeshukuru.

Binti yako, kama bado


25 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Natumaini kifua chako kizima, baridi imeanza.

Ndiyo, nilikuona. Nilikuona tangu uliposhuka. Nilikuwa na hasira, na mtu mwenye hasira ni bora anyamaze. Mambo ya cheti tusiyaseme tena.

Mama Mdogo sijamwambia.

Baba yako


19 Julai

Mwanangu,

Leo salamu zitasubiri. Nikianza na kuku na mvua nitaishia hapo hapo, najijua.

Jumatatu asubuhi nimemwangusha mkunga.

Ile njia ya zahanati naijua kwa kichwa. Ukipita mashine ya kusaga kuna shimo kulia, ukilikwepa unakuja ukuta wa shule, unaufuata mpaka kona. Wanajenga ukuta upya. Jumapili wamemwaga rundo la kokoto barabarani, kubwa, si la kuchungulia, mtu yeyote angeliona tangu kwenye mashine. Mimi nimeliingia katikati kama mtu anayeingia chumbani kwake. Mkunga ameruka akaangukia mkono. Kifundo kimevunjika. Ni mkono wa kulia, mwanangu, huo anaopokelea watoto wa mji huu.

Watu wakajaa, na Kasuku akafika. Mkunga amekaa chini, ameushika mkono, ananiuliza kwa sauti ndogo tu, "Mzee, hukuliona?"

Nikasema, "Breki zimekataa."

Nilisema hivyo mbele ya watu wote. Kasuku akainua pikipiki, akaisukuma, akashika breki. Ikasimama pale pale. Akaisukuma tena, ikasimama. Akaniangalia, halafu Kasuku, yule asiyeweza kuficha hata bei ya chumvi, akasema, "Kweli, zimelegea kidogo." Alinisitiri. Afadhali angenizaba kofi. Nilitamani hilo rundo la kokoto linifunike.

Mkunga hakumsikiliza. Alinishika kidevu kwa mkono mzima akanigeuzia uso kwenye jua. "Fungua macho. Fungua, nimesema!" Akanitazama kwa muda. "Una mtoto wa jicho, yote mawili, na hili la kulia limekuwa jeupe. Na unanibeba kila siku?" Alitembea kwa miguu mpaka zahanati na mkono wake uliovunjika, nami nyuma yake nikiburuta pikipiki.

Sasa ujue yote. Ni mwaka na zaidi. Ilianza kama moshi, nikadhani ni vumbi la kazi. Usiku taa za magari zikawa zinamwagika machoni, ndiyo maana niliacha kazi ya usiku. Haikuwa uzee. Jina la Taratibu wamenipa kwa sababu ninaogopa, nami nikalivaa kama sifa. Simu sipokei kwa sababu sioni nani anapiga wala pa kubonyeza. Uwanjani nilimsikia mkufunzi akimwambia kijana aliyenitangulia, soma namba ya lile gari pale. Sikuona gari.

Na siku ile ya Jumamosi sikukuona. Niliona barabara na rangi rangi zinapita. Niliijua habari kwenye barua yako, nikiwa nimeibandika puani kuisoma. Kasuku naye akanijia, "Mbona binti yako alipunga mpaka akachoka?" Nilikwenda nyuma ya tangi la maji nikakaa. Nililia, mwanangu, mtu mzima huyu. Halafu nikachukua kalamu nikakuandikia kwamba nilikuona na nilikuwa na hasira. Kukuambia sioni ilikuwa ni kuushusha mguu kutoka kwenye pikipiki milele, na mimi bila pikipiki sijui ni nani. Nikaona bora ubaki na baba mkatili kuliko kuwa na baba kipofu. Nimekuacha unalia kwa kosa lisilokuwepo.

Cheti chako kilinikasirisha, ni kweli. Lakini si kwa uongo wako. Kilikuwa kinasema ninaona, na nilipokisoma nilitaka kukiamini.

Ufunguo nimempa Mama Mdogo.

Shikamoo yako naidai bado, kama utaitoa.

Baba yako


28 Julai

Baba Mdogo,

Shikamoo. Shikamoo tena, ile uliyoidai.

Barua yako niliisomea chooni ofisini, nimefunga mlango, mpaka mtu akagonga kuniuliza kama ninaumwa. Nilisema ndiyo.

Mkunga asikose haki yake. Ile bima ya abiria niliyokukazania ipo, na itamtibu mkono. Lakini nilipoanza kulifungua dai lake nikakutana na cheti chako. Kina mstari unaosema, amepimwa macho, anaona vizuri. Ni mimi niliyempa mkufunzi kalamu. Ningeweza kukinyofoa, Baba, nikasema hakikuwahi kuwepo. Mkono ulikishika kabisa. Nikamfikiria huyo mama anatembea kwenda zahanati, nikakipeleka mwenyewe kwa mkuu wa ofisi.

Sikulia mbele yake. Alinisikiliza akizungusha kikombe, akauliza, "Wewe si ndiye unayewaambia wateja wawe wakweli?" Maneno hayo ninayasema kila siku, yameandikwa juu ya meza yangu. Dai la mkunga litalipwa. Punguzo lako limefutwa, na utadaiwa tofauti yake. Hiyo niachie mimi, usibishe. Mkufunzi ameondolewa na hanipokelei simu, na ana haki. Mimi nimetolewa mezani, nimepelekwa stoo ya majalada, chini, kusiko na dirisha. Asubuhi wenzangu wananipisha kwenye ngazi kama nimebeba maji ya moto.

Ninastahili. Lakini kinachoniuma si stoo. Nilizijua njia zote za kushusha bima yako. Pa kulaza pikipiki nilijua, nani asiiendeshe nilijua. Swali moja sikuuliza: kwa nini mtu aliyeendesha umri wote ule akimbie akiambiwa asome namba ya gari? Ningeuliza tu, ningejibiwa na barua zako. Jana nilizitandaza kitandani. Herufi zinakua, Baba. Kila barua zinakua, na mistari inateremka. Mimi nikakutania kuhusu karatasi.

Mtoto wa jicho anatolewa. Hospitali ya hapa wanafanya, nimeuliza, nimekuandikisha. Utalala kwangu, jirani atakukoromea. Njoo na Mama Mdogo.

Binti yako


17 Oktoba

Mwanangu,

Marahaba, na ya huko stoo pia. Tumefika nyumbani salama kutoka huko kwako na hospitali yenu. Goti la Mama Mdogo halikuipenda safari ya basi, na kuku mmoja ameatamia ndani ya kofia yangu ya pikipiki, nimemwacha.

Herufi umeziona? Ukurasa mmoja. Na mistari imelala.

Naona vitu vingi ambavyo sikuvitarajia. Ukuta wa sebuleni una ufa, kumbe. Nilimwuliza Mama Mdogo amepaka nini kichwani mbona nywele nyeupe. Akaninunia siku mbili. Naye ameniambia kwamba alijua kuhusu macho, alikuwa akinisubiri niseme. Nyumba nzima ilikuwa inanisubiri.

Pikipiki siendeshi mpaka daktari aniruhusu, na hata akiniruhusu nitakwenda kwanza kwa mkufunzi mpya na kupita kwenye koni zake zote, vijana wacheke mpaka wachoke. Mkunga ametolewa plasta, ila kifundo bado kigumu. Anakwenda kazini kwa miguu, nami ninakwenda naye, nimembebea mkoba. Sijamwomba anisamehe tena, nilimwomba mara nyingi mpaka akachoka. Njiani ananiamrisha nisome vibao vya maduka kwa sauti. Ninasoma. Watu wanatoka kutazama. Ninaona aibu, na ninasoma.

Kuna jambo moja linanila. Ninaondoka kwenda kituoni, ninakaa pale pale nilipokuwa nimekaa siku ile, bila pikipiki, ninatazama ng'ambo. Muuza vocha ninamwona, mpaka vifungo vya shati lake. Pale pembeni yake ndipo uliposimama, Kasuku amenionesha. Ninapatazama nami sina cha kuweka pale.

Ulivaa nini?

Baba yako


24 Oktoba

Baba Mdogo,

Shikamoo. Mimi sijambo, na majalada hayajambo. Mpe Mama Mdogo pole ya goti, na kuku hongera.

Nilivaa lile gauni la kijani nililolishona kwa mshahara wangu wa kwanza, ambalo ulikuwa hujaliona.

Jumamosi ninakuja nalo. Kaa pale pale. Nitashuka upande wa pili, nitasimama karibu na muuza vocha, na mkono wangu sitauinua.

Binti yako